Maisha ya Peter Debye na Somo la Kutanuka kwa Vitu

Kila mtoto anayesoma sayansi katika shule ya msingi hufundishwa kwamba vitu vingi hutanuka vinapopata joto na husinyaa vinapopoa. Mfano unaotolewa mara kwa mara ni ule wa reli. Mwalimu wa Tabora hahitaji picha ya kitabuni ili kuueleza mfano huu, kwa kuwa njia ya reli inapita mjini, na watoto wengi wameisikia milio ya magurudumu yanapovuka maungio ya vipande vya chuma.

Tatizo huanza pale mtoto mmoja anaponyosha mkono na kuuliza sababu. Jibu la kawaida ni kwamba chembe za chuma, yaani atomu zake, hutetemeka zaidi zinapopata joto, na kwa hiyo huhitaji nafasi kubwa zaidi. Jibu hili lina ukweli, lakini halijakamilika. Kitu kinachokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kiasi kilekile bado kina kituo chake palepale. Bembea ikisukumwa kwa nguvu huenda mbali zaidi pande zote mbili, na bado katikati yake haihami. Kwa nini, basi, atomu zinazotetemeka ziachane, na reli irefuke? Mtoto mwenye akili anaweza kumbana mwalimu hapa, na mwalimu asiyejiandaa atamnyamazisha kwa ukali, au atarudia maneno yaleyale.

Katika makala haya tumekusudia kuwaeleza wanachuo maisha ya mtaalamu aliyelifikiria swali hilo kwa makini, Peter Debye. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake inatupa jibu lililo kamili zaidi. Pili, namna yake ya kufikiri ni somo la mbinu za kufundishia: alianza na kielelezo chepesi, kisha akaonyesha bayana mahali kielelezo hicho kinapoishia.

Chumvi na chuma kwenye njia ya misafara

Kabla ya kumfuata Debye huko Ulaya, yafaa tuviweke mezani vitu viwili vya nyumbani ambavyo vitatusaidia kumwelewa. Njia ya zamani ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora, na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba. Pamoja na bidhaa hizo za mbali kulikuwa na bidhaa ya nchi yenyewe: chumvi ya Uvinza. Karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo katika vyungu zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wageni wa Ulaya kupita hapo, na chumvi iliyopatikana ilifungwa mizigo na kupelekwa mbali.

Kitu cha pili ni reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa chuma kile kiliifuata njia ya misafara, na mizigo iliyobebwa mabegani kwa miezi mingi ikaanza kusafiri kwa siku chache.

Chumvi na chuma vyote ni vitu yabisi, na atomu zake zimepangwa kwa safu na mistari. Mpangilio wa namna hiyo huitwa fuwele. Chembe ya chumvi ya Uvinza ikitazamwa kwa lenzi huonekana kama kijisanduku chenye pembe za mraba, kwa sababu chembe zake za ndani zimekaa kwa mpango huohuo. Katika chumvi, chembe hizo zina umeme: moja chanya, jirani yake hasi, na zote zimeshikana kwa mvutano wa umeme. Tuukumbuke umeme huo, maana tutaurudia.

Utoto na masomo

Peter Debye alizaliwa tarehe 24 Machi 1884 katika mji wa Maastricht, Uholanzi. Baba yake alikuwa msimamizi katika kiwanda cha vyombo vya chuma, na mama yake alikuwa karani wa fedha katika jumba la michezo ya kuigiza. Hawakuwa matajiri. Kijana huyu alipomaliza shule alikwenda Aachen, mji wa Ujerumani ulio karibu na mpaka, ambako aliweza kusoma bila gharama kubwa. Huko alisomea uhandisi wa umeme na kuhitimu mwaka 1905.

Bahati yake ilikuwa mwalimu. Katika chuo cha Aachen alifundishwa na Arnold Sommerfeld, mtu aliyekuwa na kipawa cha kuwatambua wanafunzi hodari na kuwakuza. Sommerfeld alipohamia Munich mwaka 1906 alimchukua Debye awe msaidizi wake, na mwaka 1908 Debye akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1911 aliitwa Zurich, Uswisi, kushika nafasi ya ualimu wa chuo kikuu iliyoachwa na Albert Einstein. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 27 tu.

Mwaka 1912

Swali lililowasumbua wataalamu wa wakati ule lilihusu kiasi cha joto kinachoweza kuhifadhiwa na kitu yabisi. Tangu mwaka 1819 Wafaransa wawili, Dulong na Petit, walikuwa wameonyesha kwamba atomu za metali mbalimbali huhitaji takriban kiasi kilekile cha joto ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja. Lakini kanuni yao ilikuwa na waasi. Almasi ilipokea joto kidogo mno kuliko ilivyotarajiwa, na kila kitu kilipopozwa sana kiasi hicho kilipungua.

Mwaka 1907 Einstein alitoa jibu la kwanza. Aliifikiria kila atomu kuwa kama kitu kilichofungwa kwenye springi, kikitetemeka peke yake, na nishati ya mtetemo wake ikipatikana kwa mafungu maalumu tu. Katika baridi kali mafungu hayo ni makubwa mno kwa joto lililopo, na mtetemo hulala. Jibu lake lilielekea kwenye ukweli, lakini katika baridi kali mno hesabu yake ilishuka upesi kuliko vipimo.

Mwaka 1912, mwaka uleule reli ilipofika Tabora, Debye alirekebisha picha hiyo akiwa Zurich. Alitambua kwamba atomu katika fuwele haitetemeki peke yake. Imeshikana na jirani zake, nao wameshikana na jirani zao, kama ngozi ya ngoma ambayo ikigongwa mahali pamoja hutetemeka yote. Kwa hiyo alihesabu mawimbi yanayopita katika kitu kizima, mawimbi yaleyale ya sauti, kuanzia yale marefu hadi yale mafupi, na akaweka kikomo: aina za mitetemo haziwezi kuzidi idadi inayoruhusiwa na hesabu ya atomu zenyewe. Kutokana na hayo ilifuata kanuni nyepesi. Katika baridi kali, halijoto ikipungua kwa nusu, uwezo wa kitu kupokea joto hupungua hadi sehemu moja ya nane. Vipimo viliikubali.

Wanachuo watambue namna alivyofanya. Hakuijua nguvu iliyo kati ya kila atomu na mwenzake, wala hakujaribu kuzihesabu zote. Alichagua picha iliyo nyepesi vya kutosha kuhesabika, na iliyo karibu na ukweli vya kutosha kusaidia.

Kasoro ya springi

Picha hiyo ya 1912 ilikuwa bado na upungufu, na Debye mwenyewe aliujua. Springi kamili hujibu sawasawa pande zote. Ukiivuta kwa sentimita moja au ukiisukuma kwa sentimita moja, nishati inayowekwa ndani ni ileile. Ukizidisha mwendo mara mbili, nishati huwa mara nne. Mtetemo wa namna hiyo tutauita mtetemo sawia. Fuwele yenye mitetemo sawia tupu ingehifadhi joto vizuri, lakini isingetanuka hata kidogo. Tena, mawimbi yake yangepishana bila kugusana, na joto lingepita ndani yake bila kizuizi chochote. Fuwele za kweli haziko hivyo.

Katika mihadhara aliyoitoa Göttingen mwaka 1913, ambayo ilichapishwa mwaka uliofuata, Debye alieleza kwamba siri iko katika kasoro ya springi. Atomu mbili zikisukumwa zikaribiane, husukumana kwa ukali unaoongezeka upesi. Zikivutwa ziachane, mvutano kati yake hulegea. Upande wa ndani ni kama ukuta. Upande wa nje ni kama mteremko wa taratibu. Kwa hiyo atomu inayotetemeka kidogo hukaa karibu na kituo chake, lakini inayotetemeka sana huenda mbali zaidi upande wa nje kuliko upande wa ndani. Wastani wa nafasi yake huhama, na atomu zote zikifanya hivyo, kitu kizima hutanuka. Huu ndio mtetemo usio sawia, na hili ndilo jibu la yule mtoto aliyenyosha mkono.

Tupime ukubwa wa jambo hili kwa hesabu ambayo hata darasa la saba wanaweza kuifuata. Chuma cha reli hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kipande cha meta 10 kikipata joto kutoka nyuzi 20 za alfajiri hadi nyuzi 50 za jua la mchana hurefuka kwa milimita 3.6. Ndiyo maana wajenzi wa reli za vipande waliacha nafasi ndogo kwenye maungio. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kilometa zipatazo 840. Kama chuma hicho kingekuwa kimoja na kuachwa huru, kingerefuka kwa takriban meta 300 kati ya alfajiri na mchana. Reli za kisasa zilizochomelewa hukazwa kwa nguvu kwenye mataruma ili zisipate nafasi ya kusogea. Chumvi hutanuka zaidi ya mara tatu kuliko chuma, na almasi, ambayo atomu zake zimeshikana kwa nguvu sana, hutanuka kidogo mno.

Kuonyesha darasani

Tunapendekeza maonyesho mawili yasiyohitaji fedha. La kwanza ni la waya. Funga waya wa chuma kati ya nguzo mbili zilizo imara, tundika jiwe dogo katikati, na pima urefu kutoka jiwe hadi sakafu. Kisha pitisha mishumaa inayowaka chini ya waya. Jiwe litashuka, na waya ukipoa litapanda tena. Hili huonyesha kwamba waya hutanuka, lakini halionyeshi kwa nini.

La pili huonyesha sababu. Finyanga udongo utengeneze mfereji mfupi uliopinda kama bakuli, upande mmoja ukiwa mkali kama ukuta, na upande wa pili ukipanda polepole. Ukaushe na ulainishe. Weka gololi chini kabisa na weka alama hapo. Isukume kidogo: itacheza karibu na alama. Isukume kwa nguvu: itagonga upande mkali na kurudi upesi, lakini upande wa mteremko itakwenda mbali na kukawia. Waulize wanafunzi gololi imetumia muda mwingi upande gani wa alama. Wataona wenyewe kwamba kadiri mchezo unavyozidi, ndivyo wastani wa mahali ilipo unavyohama. Kisha fanya mfereji mwingine wenye pande zilizo sawa, ili walinganishe. Mwalimu asitoe maelezo kabla watoto hawajaona tofauti.

Kutoka chumvi hadi nyota

Debye hakukaa mahali pamoja. Alifundisha Utrecht, Göttingen, Zurich kwa mara ya pili, kisha Leipzig. Mwaka 1916, akiwa na Paul Scherrer, alionyesha kwamba mpangilio wa fuwele unaweza kutambuliwa kwa eksirei hata kama fuwele hiyo imesagwa kuwa unga. Mwaka 1923, pamoja na Erich Hückel, alieleza mwenendo wa chumvi iliyoyeyuka majini. Walionyesha kwamba kila chembe yenye umeme huzungukwa na wingu la chembe za umeme wa kinyume, na wingu hilo huificha isionekane kwa mbali. Maji ya chemchemi za Uvinza yana chembe za namna hiyo, ingawa kanuni yao ni sahihi zaidi kwa maji yenye chumvi kidogo.

Wazo hilo la wingu lilipata matumizi ambayo hayahusu maji kabisa. Gesi yenye joto kali mno, ambayo atomu zake zimepokonywa elektroni, huitwa plazima, na wataalamu wa plazima hupima umbali wa kufichwa kwa umeme kwa kipimo chenye jina la Debye. Lakini ikiwa chembe zimebanwa sana na umeme wake ukalishinda joto, kanuni ile haifai tena. Nguvu ya umeme ikifikia takriban mara 175 ya nguvu ya joto, chembe hujipanga kwa safu, na plazima huganda ikawa fuwele.

Jambo hili hutokea ndani ya nyota vibete vyeupe, ambazo ni masalio ya nyota zilizokwisha kuchoma fueli yake. Ndani yake, sentimita moja ya ujazo huweza kuwa na uzito wa tani moja au zaidi, na fuwele huundwa hata katika joto la mamilioni ya nyuzi. Mwaka 2019 wataalamu wa elimu ya nyota waliotumia vipimo vya chombo cha angani kiitwacho Gaia walitangaza ushahidi kwamba nyota hizo huganda kweli. Kuhesabu nishati ya fuwele hiyo hufuata njia ileile tuliyoieleza: kwanza mtetemo sawia, kisha nyongeza ya mtetemo usio sawia. Karibu na kuyeyuka, nyongeza hiyo ni asilimia chache tu ya nishati ya joto. Hata hivyo haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa nishati ya fuwele na ya kimiminiko zinakaribiana sana. Kosa dogo katika moja huhamisha halijoto ya kuganda, na kwa halijoto hiyo huhama makisio ya umri wa nyota.

Miaka ya mtihani

Mwaka 1936 Debye alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yake juu ya muundo wa molekuli. Wakati huo alikuwa Berlin, akiongoza taasisi kubwa ya fizikia chini ya utawala wa Hitler. Sehemu hii ya maisha yake hairuhusu sifa rahisi. Mwezi Julai 1938 alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Lise Meitner, mtaalamu mwenye asili ya Kiyahudi, kutoroka Ujerumani na kuokoa maisha yake. Mwezi Desemba mwaka huohuo, akiwa mwenyekiti wa Chama cha Fizikia cha Ujerumani, alitia sahihi barua iliyowataka Wayahudi waliobaki wajiondoe katika chama. Mkono uliomsaidia mmoja ndio uliowaondoa wengine.

Alipotakiwa kuchukua uraia wa Ujerumani alikataa, na mwanzoni mwa 1940 alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca. Aliongoza idara ya kemia, akawa raia wa Marekani mwaka 1946, na alifariki huko tarehe 2 Novemba 1966. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2006, kitabu kilichochapishwa Uholanzi kiliibua upya habari ya barua ile. Chuo Kikuu cha Utrecht kililiondoa jina lake katika taasisi iliyoitwa kwa jina hilo, na baada ya uchunguzi kikalirudisha.

Tumelieleza jambo hili kwa sababu mwalimu husimulia maisha ya watu mbele ya watoto, na hushawishika kuwagawa katika mafungu mawili, wema na wabaya. Tunashauri watoto waelezwe matendo yote mawili ya mwaka 1938, kila moja kwa uzito wake, bila moja kutumiwa kufuta lingine.

Mafunzo kwa mwalimu

Wanachuo wanaojiandaa kufundisha watachukua nini katika habari hizi? Tunaona mambo matatu.

Kwanza, kielelezo chepesi si aibu. Kumwambia mtoto kwamba atomu ni kama vitu vilivyofungwa kwa springi ni kuanza mahali pazuri, na wataalamu wenyewe walianzia hapo.

Pili, kila kielelezo kina kikomo, na ni wajibu wa mwalimu kukijua kabla ya kuingia darasani. Springi kamili hueleza kuhifadhiwa kwa joto, lakini haielezi kutanuka kwa reli. Mwalimu anayelijua hilo hatalichukia swali la mtoto. Atakuwa amelisubiri, na mfereji wake wa udongo utakuwa tayari.

Tatu, jambo dogo si jambo la kudharauliwa. Milimita 3.6 ni kidogo kuliko upana wa penseli, lakini maelfu ya vipande vikikosa nafasi hiyo njia hupinda na treni huanguka. Mwanafunzi atakayezoea kuuliza kile kidogo kilichobaki kinatoka wapi amekwisha kuanza kazi ya sayansi. Kazi ya mwalimu wa Tabora, Urambo au Uvinza ni kumpa muda wa kuuliza, na kumwekea mbele vitu vya kutazama: waya, mshumaa, gololi, udongo, na punje chache za chumvi.